Siku sita na chiriku michirizi, Marangu mpaka Horombo

Ijumaa jioni, Marangu, kwa bibi

Nimetoka Dar alfajiri na mpaka nashuka Marangu Mtoni giza lilikuwa linaingia, baridi la Julai huku si mchezo, bibi kanipa shuka la kimasai nikajifunga juu ya sweta na bado meno yanagongana. Kaniwekea mtori wa moto nikala kwanza ndo tukaanza kuongea. Akaniuliza huko mlimani Kilimanjaro unaenda kutafuta nini, nikamwambia bibi nafuata chiriku. Akaniangalia muda mrefu kidogo. "Mjukuu wangu, chiriku si hawa hapa nyuma ya zizi la ng'ombe?"

Nikamwambia ndio, hao hao, nataka kuona wanapanda mpaka wapi na huko juu wanakula nini, maana kuna mmoja nimesoma anaishi mpaka kwenye mita elfu nne na kitu ambako usiku maji yanaganda, na yeye mwili wake wote ni gramu ishirini na kitu tu, yaani vijiko vichache vya sukari. Hilo swali limenikaa kichwani miaka miwili. Anapitaje usiku?

Bibi akaanza kunisimulia mambo ya kuamia ndege. Zamani wakati yeye binti ulezi ulikuwa unalimwa sana huku kwa ajili ya mbege, ile pombe ya ndizi, na ukianza kukomaa watoto walikuwa wanatoka alfajiri na makombeo na makopo wanashinda shambani mpaka jua linazama. Wavulana wao walikuwa wanatega kwa ulimbo kwenye vijiti. Akasema kitu nimekiandika kama alivyosema: "Kwelea anakuja kama wingu, chiriku anakuja na mwenzake." Kwamba kwelea wakishuka shamba limekwisha, ila chiriku utawaona wawili, watatu, familia, wanakula taratibu pembeni kwenye magugu na mara moja moja ndo wanaingia kwenye ulezi wenyewe. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika kitabu cha ndege, hiyo ni elimu kamili.

Alafu na ule msemo wetu wa "anaongea kama chiriku", nimeambiwa hivyo shuleni mara nyingi sana. Chiriku ni jina la kundi zima, wapo wa njano, wa kijivu, wa kahawia, na kweli wale wa njano wakiwa wengi kwenye mti mmoja ni kelele mtindo mmoja. Lakini huyu ninayemfuata, chiriku michirizi, ni mpole. Anatoa kasauti kembamba, tsiii-t, unaweza kukapita usikasikie.

Kesho tunaanza. Tupo watano, wenzangu wanne wanaenda Uhuru, kileleni kabisa, mimi naishia kambi ya pili, Horombo, na kupanda kidogo juu yake. Tulishakubaliana hivyo na waliotupangia safari tangu mwanzo, msaidizi wa kiongozi atabaki na mimi. Kila mtu niliyemwambia ameshangaa, unalipa hela yote hiyo usifike kileleni? Kileleni hakuna chiriku.

Jumamosi, geti la Marangu mpaka Mandara

Usajili getini umechukua karibu saa mbili. Geti liko karibu mita 1,900, Mandara, kambi ya kwanza, ni mita 2,720, kilomita 8 hivi za kutembea ndani ya msitu, na wagumu, yaani wapagazi, wametupita na mizigo kichwani wakati sisi tunahema. Heshima yao.

Kabla sijaingia msituni nimesimama pale pembeni ya geti kwenye majani maana ndo nilijua nitamkuta, na nimemkuta, ndani ya dakika kumi tu. Wawili kama bibi alivyosema. Nimewaona kwa darubini vizuri kabisa: mgongo wa kahawia wenye michirizi myeusi, kifua cheupe kilichofifia kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo nacho kina michirizi mpaka tumboni, nyusi nyeupe ndefu juu ya jicho, na mstari mweusi chini ya shavu kama sharubu. Kwenye mbawa ukiangalia kwa makini kuna kingo za kijani-njano, hizo zinaonekana akigeuka kwenye jua. Dume na jike wanafanana, huwezi kuwatofautisha kwa macho. Mtu akipita haraka atasema ni shomoro.

Walikuwa kwenye kishona nguo, ile inayokuganda kwenye suruali ukipita shambani. Chiriku anakaa juu ya bua, linainama na uzito wake, anachomoa mbegu moja, anaigeuza mdomoni, kisha unaona kumvi linadondoka upande. Nimehesabu, kila mbegu sekunde mbili tatu. Hiki kitendo nimekisoma sana ila kukiona ni kitu kingine. Ndani ya mdomo wa juu, kwenye kaakaa, kuna kingo na mifereji, mbegu inakaa pale, ulimi unaizungusha mpaka ikae sawa, taya la chini linapanda linabana na kupasua ganda, ulimi unatenga kiini na kumvi. Ni kukoboa kabisa, kinu chake anatembea nacho. Hana haja ya kuchukua wadudu wengi kama ndege wengine, ingawa wadudu anakula, na chipukizi na maua na matunda madogo pia anakula. Ila kazi yake hasa ni mbegu.

Hata jina lake la kisayansi linasema hivyo, Crithagra striolata. Crithagra limetoka kwenye maneno ya Kigiriki, krithe ni shayiri na agra ni uwindaji, kwahiyo mwinda shayiri. Striolata ni mwenye michirizi midogo. Aliyempa hilo jina la pili ni Mjerumani Eduard Rüppell mwaka 1840 baada ya safari zake za Uhabeshi, na kweli ndege huyu anaanzia huko kwenye milima ya Eritrea na Ethiopia anashuka na nyanda za juu za Kenya na Uganda mpaka huku kwetu kaskazini, na upande wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Ukiangalia ramani yake ni kama visiwa, kila mlima una wa kwake.

Ndani ya msitu akapotea. Kwenye kivuli kile cha miti mikubwa yenye kuvumwani inayoning'inia kama ndevu hakuna majani yenye mbegu, kuna mbega, kuna maua mekundu ya Impatiens kilimanjari ambayo yapo mlima huu tu, lakini yeye hayupo. Badala yake karibu na Mandara saa kumi jioni tumemwona binamu yake, chiriku mdomo-mnene. Huyu ni mkubwa zaidi, mweusi-kahawia, mdomo kama koleo, na ni mtulivu mno, alikaa kwenye tawi moja dakika nane hajasogea. Jina lake Crithagra burtoni, la Richard Burton, yule Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858 akitafuta chanzo cha Nile, miaka michache baadaye akawa upande wa pili wa Afrika na huyu ndege akapatikana Mlima Kameruni. Wa kwetu huku wanaitwa kilimensis, wa Kilima, jina walilopewa na Mmarekani Richmond mwaka 1897. Nimefurahi kumwona kuliko nilivyotegemea.

Jumapili, Mandara mpaka Horombo

Asubuhi kabla ya kuondoka tumezunguka kreta ya Maundi, dakika kumi na tano tu kutoka kwenye vibanda. Pale msitu unafunguka na nyasi zinaanza, na akarudi. Chiriku michirizi wanne kwenye ukingo wa kreta wakiwa pamoja na kundi la chiriku wa njano wenye taji ya njano kichwani, Serinus flavivertex. Nimekaa chini kwenye umande nikasahau kabisa kwamba wenzangu wananisubiri, samahani yao.

Wale wa njano na huyu wa michirizi zamani waliwekwa jenasi moja, Serinus, pamoja na kanari wa kwenye vizimba Ulaya. Vinasaba vilipochunguzwa, mwaka 2012 ikaonekana hawa wengi wa Afrika ni ukoo wa peke yao, ndo wakahamishiwa Crithagra, wale wa taji ya njano wakabaki na kanari. Kwahiyo pale Maundi kwenye nyasi zile zile nilikuwa naangalia koo mbili tofauti zinakula meza moja, na namna wanavyokula inatofautiana, wa njano wanashuka kundi zima kwenye nyasi wanainuka kundi zima wanaimba angani, wa michirizi wanakaa chini ya vichaka, wanaruka mmoja mmoja, hawaendi mbali. Anakuja na mwenzake. Bibi.

Njia ya kwenda Horombo ni kilomita 11 na zaidi na inapanda mita elfu moja kamili mpaka 3,720. Baada ya msitu unaingia kwenye erika, vile vichaka vyenye majani kama sindano, mwanzo ni virefu kama miti na vinaning'inia ndevu, kadri unavyopanda vinafupika. Na hapa ndo niliona makovu ya moto. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukaenda siku nyingi, watu mamia wamepanda kuuzima wakiwemo wanafunzi wa vyuo, ukala karibu kilomita za mraba 95. Mpaka leo unaona mashina meusi yamesimama kama mifupa. Chini yake chipukizi zinatoka, nyasi zimefunga, maua makavu yale meupe na njano yamejaa.

Na kwenye makovu hayo chiriku wapo wengi! Hili lilinichanganya. Nimehesabu kumi na saba kutoka Whona mpaka kwenye daraja la karibu na Horombo, na kumi na mbili kati yao walikuwa kwenye sehemu iliyoungua, wanakula mbegu za majani yaliyoota baada ya moto. Msaidizi wa kiongozi, kaka mmoja wa Mwika ambaye amepanda mlima huu tangu akiwa mgumu, akaniambia, "Dada, chakula kipo kwenye jivu, lakini muulize usiku analala wapi." Nikalibeba hilo neno mpaka juu.

Kichwa kinaniuma kidogo. Nimekunywa maji mengi, nalala mapema.

Jumatatu, Horombo, siku ya kuzoea

Hii ndo siku ya kuandika.

Usiku umeganda. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi nimetoka nje ya kibanda, maji kwenye ndoo ya wapishi yana ngozi ya barafu, nyasi zote nyeupe, mawingu yapo chini yetu kama pamba na kilele cha Mawenzi nyuma yake. Kunguru shingo-nyeupe walishaamka wanatembea kwenye mapaa. Chiriku hakuna. Saa moja kasoro kumi, hakuna. Jua lilipogusa tu kile kichaka kikubwa cha erika nyuma ya jiko, kwenye saa moja na dakika tano hivi, akatoka mmoja kutoka ndani kabisa, amevimba kama mpira, miguu haionekani, amekaa upande wa jua. Kisha wa pili. Wakakaa pale wanaota jua kama sisi tulivyokuwa tunapasha mikono kwa vikombe vya chai. Baada ya dakika kumi hivi wakashuka kwenye majani.

Sasa fikiria. Mwili wa ndege una joto nyuzi 40 na kitu, kuzidi letu. Nje ni sifuri. Mwili mdogo unapoteza joto haraka sana kuliko mkubwa, ni kama kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya sufuria. Usiku wa huku kwenye ikweta ni saa kumi na mbili, mwaka mzima, hakuna msimu wa usiku mfupi wa kupumzikia. Kila usiku ni majira ya baridi na kila mchana ni kiangazi, wanasayansi wa milima hii ya Afrika wanapenda kusema hivyo na ukilala Horombo unaelewa. Kwahiyo huyu ndege kila siku ya Mungu anatakiwa kukusanya moto wa kutosha saa kumi na mbili nyingine.

Mchana tumeenda kuzoea hewa kwenye yale mawe ya michirizi myeupe na myeusi, Zebra Rocks, kiasi cha mita 4,000. Njiani senesio kubwa, Dendrosenecio kilimanjari, na lobelia deckenii ambazo nazo usiku zinafunga majani kulinda kichipukizi cha katikati. Kila kitu huku juu kina blanketi lake. Chiriku tumewaona mpaka pale kwenye senesio, wanachokonoa maua yaliyokauka. Chozi, yule ndege wa kijani anayeng'aa, alikuwa anakunywa asali ya lobelia. Wenzangu walikuwa wanapiga picha za Kibo, kile kilele kikubwa, mimi nimepiga picha za vumbi la makapi chini ya senesio, nina picha 43 za makapi, na kwangu zina thamani.

Ila kilichonifanya nisisahau siku hii ni jioni. Saa kumi na moja kasoro robo nilikaa kwenye ngazi za kibanda na saa na daftari, nikawafuata wale wawili wa nyuma ya jiko. Asubuhi walikuwa wanakula na kupumzika, wanakula na kupumzika. Jioni hakuna kupumzika. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili na robo nimewaona wakila bila kuacha, na mmoja nilipompata vizuri kwenye darubini koo lake lilikuwa limevimba upande mmoja, kama mtoto aliyeficha pipi shavuni. Hapo ndo jibu! Ndege wa jamii hii wana sehemu ya koo inayotanuka, wanaijaza mbegu zilizokobolewa tayari, wanaenda nazo kulala. Usiku zinashuka taratibu kwenye firigisi, ambayo ina vichanga vya kusagia, zinasagwa na kuchomwa kidogo kidogo. Mbegu ina mafuta ndani yake, na mafuta ndo kuni nzuri kuliko zote. Wadudu wangeisha, asali ingeisha, lakini mbegu kavu unaweza kuilala nayo.

Nimekaa miaka miwili na swali na jibu lilikuwa limekaa kooni mwake linaonekana kwa macho. Nilitokwa na machozi kidogo, sioni aibu kusema.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane wakaingia kwenye kichaka kilekile, chini, ndani kabisa kwenye upande usio na upepo. Nikasikia tsiii-t moja. Basi.

Jumanne, maji ya mwisho

Wenzangu wameondoka kwenda kwenye kambi ya Kibo, mita 4,720. Nimewakumbatia wote. Mimi na yule kaka tumepanda nao mpaka kwenye kibao cha maji ya mwisho, kisha tukaendelea mpaka mwanzo wa uwanda mkavu ulioko kati ya Mawenzi na Kibo.

Chiriku wa mwisho tumemwona kabla kidogo ya maji ya mwisho, alikuwa peke yake, alishuka kwenye jiwe akanywa mara tatu akaondoka kuelekea chini. Juu ya pale tumekaa karibu saa mbili na hatujaona hata mmoja. Kale kandege ka kahawia kanachosimama wima kwenye mawe na kuonyesha weupe wa mkia kakiruka kalikuwepo, kenyewe kanakula wadudu. Kunguru walipita. Majani yenyewe yapo yapo, mashada madogo madogo yamejikunja, na baadhi yana mbegu. Kwahiyo chakula si kwamba hakuna kabisa.

Nadhani ni mambo mawili kwa pamoja. Anayekula mbegu kavu lazima anywe, mbegu haina maji ndani yake kama mdudu au tunda, kwahiyo maji yakiisha na yeye ameishia hapo. La pili ni kichaka. Kwenye uwanda ule hakuna erika ya kuingia ndani, kuna jiwe na upepo tu. Nikakumbuka neno la kaka, muulize usiku analala wapi.

Wakati wa kushuka akanionyesha kitu. Tulitoka njiani hatua kama thelathini kwenye kisiwa cha erika ambazo moto wa 2020 uliziruka, sijui kwa upepo au kwa unyevu wa lile bonde, zimesimama kichwa cha mtu na kuzidi, zina ndevu. Ndani kwenye uma wa matawi, usawa wa kifua changu, kuna kiota. Cha zamani, kimetumika kimeachwa. Kikombe kidogo cha nyasi na kuvumwani kwa nje, ndani kimetandikwa manyoya laini ya mimea, ile pamba ya maua makavu. Ningeweza kukifunika na kiganja. Hatukukigusa.

Ukingo wake wote ulikuwa umezungukwa na kinyesi kilichokauka, cheupe, kama chokaa. Mtu anaweza kusema uchafu, ila hiyo ndo alama ya walaji mbegu. Ndege wengi wanaokula mbegu wakizaa wanabadilisha, wanawaletea watoto wadudu. Hawa wa jamii ya chiriku hapana, wazazi wanajaza koo mbegu, wanarudi, wanazitapika laini mdomoni mwa kinda. Mayai yanakuwa mawili mpaka manne, jike ndo anaatamia na dume anamlisha yeye pale pale kiotani. Siku za mwanzo wazazi wanaondoa kinyesi cha watoto, siku za mwisho wanaacha, na makinda wanajisaidia ukingoni mpaka panakuwa hivyo. Kwahiyo kile kiota kilikuwa kinaniambia kwamba hapa watoto walikua mpaka mwisho, walishiba mbegu, waliondoka.

Nilimuuliza kaka kwenye sehemu iliyoungua amewahi kuona viota vya hawa. Akafikiria. Akasema mwaka wa kwanza na wa pili baada ya moto hakuona kabisa, sasa anaanza kuona kimoja kimoja kwenye chipukizi zilizofika magotini, lakini vya chini hivyo panya wanavimaliza. Mimi sina takwimu na sitaki kumwekea maneno, ila nilivyowaona wale kumi na mbili kwenye makovu wakila, nilidhani moto umewasaidia. Sasa najua nilikuwa naangalia meza tu. Walikuwa wanakuja kula mchana kwenye jivu na jioni wanarudi kwenye visiwa hivi vilivyobaki. Kila moto unapopita visiwa vinapungua, na erika ya kufika kichwani haioti mwaka mmoja.

Jumatano, Horombo tena

Mvua nyepesi asubuhi kisha ukungu mpaka saa tano, sijaona kitu zaidi ya mita kumi. Nimewasikia tu.

Kitu kimoja kimenisumbua, nakisema kwa upendo. Kuna wageni wanarusha wali na mkate nyuma ya vibanda ili ndege waje karibu wapigwe picha, na chiriku wanakuja kweli, ni wapole wanafika mpaka miguuni. Lakini wanakuja na kunguru na panya pia, na hao ndo wanaokula mayai yao. Wali hauna kile kilichomo kwenye mbegu ya mafuta. Mtu akitaka kuwaona karibu akae chini dakika ishirini anyamaze, watakuja wenyewe, mimi mmoja amenisogelea mpaka hatua mbili akiwa anakoboa zake.

Saa nane mchana wenzangu wamerudi, watatu wamefika Uhuru mita 5,895, mmoja amegeukia Gilman's, ukingoni mwa kreta kabla ya Uhuru. Midomo imepasuka, wamechoka hata kuongea hawawezi. Tumekula supu pamoja. Mmoja akaniuliza, chiriku wako? Nikamsimulia habari ya koo lililovimba, akanyamaza, alafu akaniambia usiku wa kuamkia leo kule Kibo mkononi alikuwa ameshika karanga kwenye glovu muda wote anapanda, anatafuna moja moja, ndo zilimfikisha.

Alhamisi, kushuka

Tumeshuka Horombo mpaka getini siku moja, magoti yanalia. Nimewahesabu tena, tisa kwenye erika, hakuna msituni, watatu getini kwenye kishona nguo kilekile.

Bibi alikuwa anatungoja na ndizi. Nimemwambia yote, ya kiota, ya maji ya mwisho, ya koo, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema wao wakiamia ulezi walikuwa wanajua kabisa saa ya hatari ni jioni, asubuhi unaweza kusinzia ila kuanzia saa kumi na moja hukai chini, maana chiriku anakula kama anafunga safari. Walijua, hawakujua kwanini.

Kisha akanishika mkono tukaenda nyuma ya zizi. Kuna mchunga, ile mboga chungu, umeota pale kwenye samadi, umeshatoa vile vipamba vyeupe, na bibi huwa hauchumi wote. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Walikuwa wawili juu ya mchunga, vipamba vinaruka kila wanapochomoa, na koo la mmoja limeshaanza kujaa.